Santuri Namba Thelathini na Mbili

Katika maktaba ya redio, ghorofa ya chini, yuko mama mmoja ambaye wenzake walimbatiza Bi Penseli. Jina hilo halimkeri. Kazi yake ni kutambua kila santuri ilitolewa nchi gani, kisha kuiandika nchi hiyo kwenye kadi. Kwanza anaiandika kwa penseli. Wino unasubiri mpaka wapatikane mashahidi wawili, nao wawe mle mle kwenye santuri: anwani iliyo kwenye lebo, herufi zinazotangulia namba, tundu la katikati kama ni pana au dogo, hata karatasi ya jalada na harufu ya gundi yake. Maneno ya mtu hayahesabiki.

"Mtu husahau," husema, "na asiposahau hutia chumvi."

Wageni hudhani ni kazi ya kusoma tu. Wanaona santuri imeandikwa imetengenezwa ng'ambo, wanasema basi hiyo ni ya ng'ambo. Bi Penseli huwacheka taratibu. Kiwanda ni hospitali tu, huwaambia. Mtoto anaweza kuzaliwa hospitali ya ugenini kwa sababu nyumbani haipo, lakini kwao ni pale alipopelekwa akaonyeshwa watu. Usiulize santuri ilichapwa wapi. Uliza nani aliitoa, na aliitoa ili wanunue akina nani.

Maneno mazuri hayo. Ila miaka kumi na tisa nyuma, alipokuwa mgeni wa kazi, alikuwa hayajui, na kuna kadi moja aliyoandika "ng'ambo" kwa wino mzito, bila shahidi hata wa dawa.

Santuri yenyewe ilikuwa ya shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea, na sasa wanaishi pamoja. Ujanani aliimba na bendi iliyotoa santuri moja tu, na nakala pekee inayojulikana imebaki maktabani. Sasa redio ilikuwa ikiandaa saa nzima ya nyimbo zilizotolewa nyumbani, Jumamosi saa nne asubuhi. Sharti ni moja: kadi iseme nyumbani, kwa wino. Orodha ilikuwa inafungwa Alhamisi saa sita mchana.

Alhamisi hiyo asubuhi Shangazi alikaa mezani akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Leo ndiyo leo," alisema.

"Kadi inasema ng'ambo, shangazi."

"Kadi iliandikwa na nani?"

Bi Penseli akanywa chai.

"Nauliza tu, mwanangu. Maana mimi huko ng'ambo sijatia mguu. Labda sauti ilitoroka peke yake."

"Mimi nakuamini. Lakini maneno ya mtu..."

"Hayahesabiki. Najua. Nimelea mtoto, kageuka hakimu." Hakuwa amekasirika, alikuwa anatafuta pa kubana. "Yule fundi cherehani wa mlango wa pili nimeshamwambia awashe redio Jumamosi. Mwaka wa kumi huu ananiita mwimbaji wa jikoni. Nisiposikika, Jumapili nipite wapi? Juu ya paa?"

Bi Penseli alifika kazini akaitoa santuri kwenye kabati la ng'ambo. Akaiosha kwenye beseni kwa sabuni kidogo, kama anavyoziosha zote, akaisimamisha kwenye kichanja cha vyombo alichokitoa nyumbani kwake. Ilipokauka akaiweka chini ya taa.

Pembeni mwa lebo, jina la nchi ya kiwanda. Katikati, jina la wimbo. Chini, kibandiko cheupe chenye namba ya maktaba. Hicho alikibandika mwenyewe, wiki yake ya kwanza, kimenyooka kama kimepigwa rula. Aliambiwa abandike penye nafasi.

Akainamisha santuri. Kwenye ukingo wa kibandiko kulikuwa na kitu cheusi, chembamba kama unywele. Akadhani ni uchafu, akakisugua. Hakikutoka. Ulikuwa mkia wa herufi.

Hapakuwa na nafasi pale. Palikuwa na maandishi, na yeye ndiye aliyeyafunika.

Mvuke wa birika ungefanya kazi haraka, lakini ungeipinda santuri kama sikio. Akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya kibandiko, akasubiri. Kusubiri ndiko kulikomchosha. Saa tano kasoro akajaribu kwa ukucha, kikagoma. Saa tano na robo kikakubali, kikaja na vumbi la gundi. Chini yake, kwa herufi ndogo: imetolewa na duka la santuri, Mtaa wa Soko, na jina la mji huu huu alioamkia asubuhi.

Shahidi wa kwanza.

Mtayarishaji wa kipindi, kijana wa viatu vinavyong'aa, akachungulia mlangoni. "Bi Penseli, orodha naifunga."

"Bado shahidi mmoja."

"Si ni shangazi yako huyo? Andika tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Haya. Lakini penseli haiendi hewani, mama."

Bi Penseli akatazama namba ya santuri: herufi tatu, kisha thelathini na mbili. Herufi zile alizijua, akawa hakumbuki ni wapi. Miguu ikakumbuka kabla ya kichwa, ikampeleka kwenye kabati la nyumbani, rafu ya chini, ambako hupigi magoti bila kulalamika. Herufi zile zile. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Kisha thelathini na tatu. Katikati palikuwa na kipande cha kadibodi chenye mwandiko wake mwenyewe: "32, imepotea."

Akakaa sakafuni akacheka mpaka mtayarishaji akarudi kuona kulikoni. Miaka yote hiyo alimtangaza amepotea mtu aliyekuwa kalala chumba cha pili.

Akatoa kalamu ya wino. Ile "ng'ambo" hakuifuta. Aliipiga mstari mmoja, akaandika "nyumbani," na pembeni, "kosa langu." Saa ilikuwa sita kasoro dakika nane.

Jumamosi fundi cherehani alikuja na kiti chake, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Mtangazaji akataja wimbo, bendi, na kwamba ulitolewa hapa hapa nyumbani. Kisha sauti ya Shangazi ikaingia, changa, nyembamba mwanzoni halafu ikapanda bila kushika ukuta. Shangazi alisikiliza akiitazama sufuria.

Wimbo ukaisha.

"Mpiga gitaa aliingia kabla ya wakati," Shangazi akasema. "Nilimwambia siku ile ile."

Fundi akaivua ile futi shingoni, akaikunja polepole. "Bibi, nilikosa. Wewe ni mwimbaji."

Shangazi akamgeukia Bi Penseli. "Umesikia? Andika hilo."

"Kwa penseli, shangazi. Huyo ni shahidi mmoja."

Ng'ambo ya ukuta, mke wa fundi akaita, "Hata huku tumesikia, bibi! Imba tena!"

"Haya," Shangazi akasema, akijiweka sawa kitini. "Lete wino."