Gambuti za Krismasi ya Kiangazi

Hili nitakalowasimulia hamtaliamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo kuna siku najiuliza kama nilikuwepo. Ni habari ya mtoto aliyesubiriwa na mvua, akaenda kuzaliwa nchi ambayo Krismasi yake ni kiangazi.

Nianze na Zipora. Zipora ni binti wa dada yangu Mageni, hapa Kahama, na kabla hajaondoka alikuwa akiuza mchele sokoni. Akitia punje moja mdomoni na kuiuma, anakuambia huu ni wa mwaka jana, tena umechanganywa, mrudishie mwenyewe. Kipaji hicho amekirithi kwangu. Mama yake akisema vinginevyo msimsikilize. Mumewe, Wiliam, ni fundi wa yale magari makubwa ya mgodini, ambayo gurudumu moja linamzidi mtu urefu. Mwaka jana akapata kazi kwenye mgodi wa dhahabu Australia. Mwezi wa nane wakahama, Zipora akiwa na mimba ya miezi mitano.

Mizigo niliisimamia mimi. Nani mwingine angeweza? Nikamwambia, "Utajifungua Krismasi. Krismasi ni matope. Beba gambuti." Akabeba gambuti jozi mbili na mwamvuli wa kijani. Nikamwongezea mfuko mzima wa michembe, viazi vyetu vile vya kukatwa na kukaushwa. Michembe walimnyang'anya uwanja wa ndege wa kule, wakaishika kwa glavu kama bangi. Gambuti wakamwachia.

Kumbe kule Desemba ndiyo kiangazi chenyewe! Wiliam alijua, lakini Wiliam ukimpa simu anazungumza habari za injini tu. Mwezi wa kumi Zipora akanipigia, anashangaa: jua badala ya kupungua linazidi. Nikamwambia tumfiche Mageni jambo hilo.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kwetu mtoto huitwa kile alichokikuta siku anazaliwa. Mimi naitwa Bujiku, yaani usiku, kwa sababu nilikuja usiku, na sikuulizwa. Akizaliwa jua linawaka ni Limi, jua. Mama yetu sisi, mimi na Mageni, aliitwa Mbula: mvua.

Mageni moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba hadi kandambili zikamkataa. Madaktari wa hospitali ya Kolandoto walimhangaikia wiki mbili, halafu wakatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani ale Krismasi na watu wake. Tulielewa. Yeye alielewa kabla yetu. Akabaki na jambo moja tu: kusikia jina la mama yake likiitwa tena katika ukoo kabla hajaondoka. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mtoto anazaliwa Krismasi, Krismasi hunyesha, basi huyo ni Mbula. Lakini jina hilo halitolewi zawadi. Bila mvua siku hiyo, hakuna Mbula, na Mageni kwa hilo hana mzaha. Kuna binti wa jirani aliyezaliwa Julai wakamwita Mbula. Mpaka leo Mageni anamwita "wewe mtoto".

Siku ya Krismasi, saa mbili asubuhi, mvua ilikuwa inapiga bati, wali uko jikoni, nami nimevaa shati la kanisani lililowanyamazisha wengi. Simu ikaita, ya WhatsApp.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema kama umebeba gunia?"

"Uchungu umeanza. Niko hospitali. Wiliam yuko kambini mgodini, ndege hakuna mpaka kesho kutwa."

"Uko na nani?"

"Na muuguzi. Mzuri, ila utani wake siuelewi."

Nikauliza lile ambalo mtu mwenye akili angeliuliza mwisho. "Mawingu yapo?"

"Mjomba, joto ni nyuzi arobaini na tatu. Nyasi za nje ukizikanyaga zinavunjika." Akaguna kwa maumivu, akarudi. "Gambuti ziko hapa chini ya kitanda. Nimekuja nazo. Nilidhani labda..."

Mnanijua mimi kwa maneno. Geita nilimsemesha dalali wa dhahabu mpaka akasahau alichokuja kununua. Lakini pale nikasema tu, "Jikaze, mwanangu," kama mtu aliyefika msibani asiyemjua marehemu.

"Hiyo ninayoisikia ni mvua?"

"Ndiyo. Tangu alfajiri."

"Nitolee simu nje, Mjomba."

Nikatoka hadi kwenye upenu, nikanyoosha mkono wenye simu. Maji yakanishuka kiwikoni, yakaingia shati la kanisani. Nilimsikia anahema, anatulia, anahema tena. Bahari nzima katikati yetu, na msaada wangu wote ni kushika simu. Halafu ikakata. Bando langu limekwisha. Nikakimbilia kibanda cha vocha: kufuli. Mwenyewe yuko kanisani.

Niliporudi Mageni akaniita kutoka kitandani. "Bujiku! Kunanyesha huko kwa Zipora?"

"Kuna mawingu, dada."

"Nimeuliza kunanyesha."

"Yanakuja. Yanatokea upande wa ziwani."

"Australia kuna ziwa gani?"

"Kubwa! Hili ziwa letu kubwa la kule Nkome ukiliweka pale ni dimbwi la bata."

Akanitazama. Tangu utoto ananitazama hivyo. Kisha akageukia ukutani, na sikujua kama ameamini au amechoka tu.

Wali ukaiva, ukapoa, hakuna aliyeugusa. Niliendelea kuchungulia kibandani. Saa saba mwenyewe akarudi, nikaweka bando, na kabla sijapiga Zipora akawa amepiga.

"Weka spika," Mageni akasema, akijiinua kwa kiwiko. Nikaweka. Kuongea zaidi hakuweza, pumzi ilikuwa fupi.

Kwanza tukasikia mtoto analia. Kisha sauti ya Zipora, imechoka: "Msichana, Mjomba. Mzima, mimi pia mzima."

Mageni akafumba macho, akayafumbua, akaninyooshea kidole. Nilijua anataka niulize nini. Nilijua pia nitakachojibiwa. Kwa hiyo nikawahi, nikamgeukia Mageni.

"Mvua ya huko usipime! Mtoto anatoa kichwa, na yenyewe inashuka! Barabara zote mito, muuguzi ameazima gambuti za Zipora, Wiliam ameletwa kwa mtumbwi, na wale kangaruu wanaogelea kuelekea—"

"Mjomba! Unamdanganya nani tena? Hapa hapajadondoka hata tone. Muuguzi ameniuliza jina, nimemwambia Limi. Ila tafadhali, Mama asiambiwe leo."