Filamu Ambayo Hakuna Aliyesema Sogeza

Sikufika mbali shuleni na sijui kutunga, kwa hiyo ninachokueleza hapa nilikiona kwa macho haya mawili, mchana, watu wakiwepo. Wengine bado wapo Tunduma. Ukitaka kuwauliza, waulize, ila sidhani kama watakujibu.

Nina banda la video Chapwa, hapahapa Tunduma, karibu na pale malori yanapopanga foleni kwenda mpakani. Kuta ni za mabanzi, paa la bati, ndani nimetundika vitambaa vyeusi ili hata saa sita mchana kuwe na giza. Picha inapigwa kwa projekta kwenye ukuta wa mbele niliopaka chokaa. Banda hilo ndilo lililotulea. Mama alipofariki kule Itaka, baba alikuwa ameshatangulia, nami nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikawabeba wadogo zangu watatu. Wa mwisho, Elia, alikuwa na miezi minane. Wawili wale wakubwa wanamkumbuka mama. Elia hamkumbuki, na picha moja ya mama tuliyokuwa nayo ililiwa na mchwa.

Sasa nikueleze kidogo kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa. Mwenye banda hatazami filamu. Anatazama watu. Nakaa nyuma na rimoti mkononi nasikiliza mabenchi. Mtu akichoka, kwanza anakohoa. Halafu benchi linalia. Halafu mmoja anatoka kwenda haja ndogo na harudi. Kabla hawajafika huko, huwa wanapiga kelele, "Sogeza, dada!" nami nasogeza mbele mpaka pale watu wanapopigana. Kuna siku mpenzi wa kwenye filamu alitembea ufukweni akiwaza, akawaza, akawaza, mpaka kijana mmoja akasema, "Huyu atafika lini? Mie kwa mguu ningekuwa nimeshafika Sumbawanga." Filamu ya saa tatu naimaliza kwa saa moja na nusu, na wateja wananishukuru. Ndiyo maana nilikuwa najisifu kwamba hakuna filamu ndefu duniani inayoweza kumshika mtu wa Tunduma.

Majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Ilikuwa Julai, ule upepo wa baridi unapopeperusha vumbi mpaka kwenye meno. Elia alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni upande wa Vwawa, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kuripoti. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya fomu ya hospitali. Ofisi ya shule ingefungwa saa kumi na moja jioni, na walishatuambia wazi kwamba asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Tranka lilikuwa tayari, godoro limefungwa kamba. Tulikubaliana nifungue banda saa saba, nifunge saa tisa, tuondoke. Miguu yangu haikutulia tangu asubuhi. Kila dakika nilikuwa naangalia simu.

Saa saba kasoro akaingia mwanaume mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Alivaa shati jepesi, katika baridi ile. Nilidhani ni dereva wa foleni. Alikuwa na flashi ndogo iliyofungwa uzi mweupe, akaomba niiweke. Nikamuuliza ni filamu ya nini, na ina muda gani. Akasema ni ndefu. Ndefu kiasi gani? Akasema yeye mwenyewe hajawahi kuona watu wakiimaliza.

Nilicheka. Nikamwambia hapa watu wakipita saa moja na nusu wanaanza kukohoa, atatukanwa yeye na flashi yake. Hakukasirika.

"Dada, watu hawachoshwi na urefu," alisema. "Wanachoshwa na kutokuwa na wanachokingoja. Weka. Ila usisogeze."

Niamini, ningeweza kukataa. Lakini nilitaka ashindwe mbele yangu, ndani ya banda langu. Nikaiweka.

Ndani walikuwepo watu kama ishirini. Madereva wengi, vijana wa kubeba mizigo, na Mama Zawadi anayeuza karanga mlangoni, aliyeingia kukwepa upepo. Yule mgeni akapita katikati ya mabenchi kwenda kukaa mbele. Kwangu ukikatiza mbele ya projekta unatukanwa mpaka ukoo, maana kichwa chako kinaziba picha nzima. Yeye alikatiza, na hakuna aliyesema neno. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwa nini. Picha haikuzibika. Mwanga ulimpita kama hayupo. Na viatu vyake, ambavyo niliviona alipoinua mguu kuruka benchi, havikuwa na vumbi hata chembe. Nani anatembea Tunduma mwezi wa saba viatu vikabaki vinang'aa?

Filamu ikaanza. Hakuna jina, hakuna muziki, hakuna mtafsiri. Njia ya vumbi tu kati ya mibuni, na mwanamke anatembea kutuacha, ametugeuzia mgongo, beseni kichwani. Sauti ilikuwa ya nyayo zake peke yake. Nikajisemea, dakika tano tu, watalia sogeza.

Dakika tano zikapita. Sikusikia kikohozi.

Nikainua macho kuangalia vizuri, na hapo nikaona kwamba yule mwanamke anaburuta kidogo mguu wa kushoto. Mama yangu alijikata na jembe mguu huo kabla mimi sijazaliwa. Nikatazama kitenge: cha njano chenye maua ya bluu, ndicho tulichomzika nacho. Na njia ile ni ya kutoka kwetu Itaka kwenda kisimani, naijua hadi jiwe lake. Ungefanya nini wewe? Mimi nilikaa. Nilikaa nikingoja ageuke. Kila alipofika kwenye kona nilisema sasa atageuka, na kweli kichwa kilisogea kidogo, kidogo sana, kisha njia ikaendelea. Sikuchoka. Nilisahau simu, nilisahau tranka, nilisahau kwamba nina rimoti mkononi.

Elia alikuja kunikumbusha. Nilisikia pazia la mlango likifunguka na sauti yake ikisema, "Dada, muda." Sikugeuka kumtazama. Nilihisi tu benchi langu likishuka alipokaa pembeni yangu.

Kilichotuokoa hakikuwa akili, ni mazoea ya kazi. Miaka yote nimezoea kwamba banda likinyamaza sana, kuna jambo: ama umeme unataka kukatika, ama kuna mtu amezimia. Shingo yangu ikageuka yenyewe kuangalia watu. Mwanaume mmoja alikuwa ameshika karanga nusu njia kuelekea mdomoni, na mkono umeganda hapohapo. Mama Zawadi alikuwa analia bila kufuta machozi. Hakuna aliyekuwa akipepesa macho. Wote wameinamia mbele, shingo zimevutika kama za kuku wanaosubiri kumwagiwa mahindi. Ni mmoja tu ambaye hakuwa akitazama ukutani. Yule mgeni alikuwa amegeuka kutuelekea sisi, anatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayekula na hana haraka.

Nikamtazama Elia. Midomo yake ilikuwa wazi.

Nikaangalia simu. Saa kumi kasoro dakika kumi.

Nilibonyeza rimoti. Kusimamisha, haikusimama. Kusogeza, haikusogea. Nikainuka kwenda kwenye waya wa projekta, na Elia akanishika gauni bila kuondoa macho ukutani.

"Anageuka, dada," alisema. "Ni yeye, si ndiyo? Nimwone tu uso."

Nikatazama ukutani. Alikuwa anageuka kweli. Niliona sikio, niliona hereni ya mama, ile ndogo ya pete ya shaba. Niliona mwanzo wa shavu. Na yule mgeni, bila kupaza sauti, akasema, "Bado kidogo tu, dada. Mwache mtoto amwone mama yake."

Nataka unielewe hapa. Mimi uso ule niliujua. Elia hakuwahi kuuona maishani mwake, na kile kidogo kilichobaki ageuke kilikuwa chake kuliko changu. Lakini nilikumbuka alichosema mwenyewe yule mtu, kwamba hajawahi kuona watu wakiimaliza. Nikaelewa kwamba hiyo "bado kidogo" haina mwisho. Na nilikumbuka mama kitandani, alivyonikabidhi kile kichanga, akaniomba kitu kimoja tu, kwamba mtoto asome.

Nikang'oa waya.

Picha haikuzimika palepale. Ilibaki ukutani, bila umeme, kwa muda wa pumzi tatu hivi, na katika pumzi hizo yule mwanamke akasimama, akarudisha uso mbele na kuendelea kutembea. Nikakimbilia mlangoni nikang'oa pazia lote. Mwanga na vumbi vikaingia. Watu wakaanza kukohoa, wote kwa pamoja, kama waliotoka majini. Kwenye benchi la mbele hapakuwa na mtu. Nikaangalia flashi; ilipokuwa imechomekwa palikuwa na uzi mweupe tu.

Dereva mmoja mtu mzima, Mzambia, alinijia. Wao huita kila mwanamke mayo, ndiyo mama kwa Kibemba. "Mayo, rudisha," aliniambia. "Mtoto wangu alikuwa karibu kufika na baiskeli yake." Mtoto gani? Hakukuwa na mtoto wala baiskeli mle. Mama Zawadi yeye alikuwa ameona ng'ombe wa baba yake wakirudi zizini, na baba nyuma yao. Ndipo nilipojua kwamba kila mtu alikuwa na filamu yake.

Nilimvuta Elia kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikimvuta akiwa mdogo. Bodaboda mbili, moja yetu, moja ya tranka na godoro, kisha gari la abiria, Noah ya Vwawa. Tulimkuta mwalimu anafunga mlango wa ofisi. Akaufungua tena kwa kunung'unika. Elia akaandikwa. Alipochukua tranka lake alisema bila kunitazama, "Ulimwona miaka yote, halafu ukaninyima mimi dakika moja."

Yuko kidato cha sita sasa, na anafanya vizuri. Likizo iliyopita alirudi, akakaa jikoni nikisonga ugali, akaniuliza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusamehe, "Basi nieleze wewe. Alikuwa anafananaje?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na kitu. Naona mgongo, naona kitenge, naona mguu unaoburuta na hereni kwenye sikio. Zaidi ya hapo ni chokaa tupu ya ukuta wangu. Nilikuwa na uso ule kwa miaka kumi na sita nikiutunza ili siku moja nimweleze, na nilikaa pale saa karibu tatu nikiutoa bila kujua. Watu wa Itaka husema Elia amefanana na mama sana. Namtazama, naitikia kwa kichwa.

Yule dereva kila akivuka mpaka bado anapitia bandani. "Mayo, rudisha ile." Ananiambia hakumbuki tena mwanawe alikuwa na sura gani, hivyo anaihitaji zaidi. Namwambia ndiyo maana sirudishi, hata ningekuwa nayo. Haelewi.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa filamu za kukesha. Ukiona imekwenda muda mrefu na hakuna aliyekohoa, usitake kujua mwisho wake. Geuza shingo, uwatazame uliokaa nao, na umwangalie vizuri yule ambaye hatazami. Siku hizi mimi sisubiri. Banda likikaa kimya robo saa nzima, nainuka, nafungua pazia, mwanga unaingia mpaka ukutani. Wananitukana hapo, wananiita mchawi wa starehe za watu. Nasimama mlangoni nasikiliza matusi yote mpaka la mwisho, nahesabu sauti, nahakikisha hakuna iliyokosekana.