Waliniuliza Kuhusu Sauti

Neno moja tu, "ndiyo", lilitosha kuninyang'anya mtoto. Nililisema asubuhi katika hospitali moja ya Kitale, na jua halijatua msichana wangu alikuwa Bungoma kwa mama mkwe, mimi niko Kitale kitandani, nguo imelowa maziwa kifuani.

Wacha nieleze ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakieleza badala yangu.

Nilijifungua wakati wa kupanda mahindi. Mume wangu huendesha trekta la watu upande wa Moi's Bridge, na msimu huo alikuwa anarudi nyumbani kubadilisha nguo tu. Mama yake alitoka Bungoma kuja kunisaidia. Alileta unga, kuku na maneno mengi. Mtoto naye alikuwa analia. Alilia akishiba, akalia akiwa mkavu, akalia mpaka majirani wa ploti wakaanza kufunga madirisha.

Kwetu mtoto akilia hivyo, watu hawakimbilii duka la dawa. Wanasema kuna marehemu anadai jina. Basi unaita majina ya wafu wa ukoo, moja moja, na lile ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na nimekaa darasani na biolojia, lakini hilo silicheki. Mimi mwenyewe jina langu lilipatikana hivyo.

Wakati huo nilikuwa silali. Hata mtoto akilala, mimi macho. Siku moja nikiosha vyombo nikasikia kukhu wa mume wangu, yaani nyanya yake aliyekufa, ananiita kutoka mlangoni. Ananiita kabisa, na ile sauti yake ya kukwaruza. Nilimwambia mama mkwe. Mnajua alifanya nini? Alipiga makofi.

"Hata mimi nimemwota! Alisimama hapo hapo na jembe lake, amenuna. Si nilikwambia ni yeye?"

Tukamwita mtoto jina la kukhu. Akanyamaza, akapiga chafya, akalala. Mama mkwe alifurahi mpaka akachinja yule kuku. Sauti sikuisikia tena. Hakuna mtu nyumbani aliyesema nimerukwa na akili.

Lakini mimi sikupata nafuu. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Nilikaa na leso ile ile, bila kuoga, nikimtazama mtoto kama mzigo wa abiria aliyesema "niangalizie, narudi" halafu akapotea. Na kulikuwa na wazo ambalo sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nafikiri huyu mtoto angepata mama mzuri kama mimi nisingekuwepo duniani.

Mama mkwe alisema ni uvivu. Mume wangu aliporudi na kunikuta hivyo, akasema twende hospitali.

Kijana aliyetuhudumia hakuwa wa pande zetu, na hilo si kosa lake. Kosa lake ni haraka. Mama mkwe aliingia na mimi, amembeba mtoto.

"Unasikia sauti za watu ambao wengine hawawaoni?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Kukhu wa mume wangu."

"Yuko wapi huyo?"

"Alikufa."

"Anakwambia nini?"

"Alikuwa anataka jina."

Kijana akamgeukia mama mkwe. Mimi pia nikamgeukia, nikingoja aseme hata mimi nilimwota, daktari, ni mambo ya kawaida. Mama mkwe alimfunika mtoto vizuri. Hakufungua mdomo.

Kijana akasema nimechanganyikiwa, mtoto asiachwe na mimi. Akaniandikia dawa ambazo zilinifanya ulimi mzito kama wa ng'ombe. Hakuniuliza kama nakula. Hakuniuliza kama nataka kuishi. Aliuliza sauti, akapata sauti, akafunga kazi.

Nilipiga kelele nyumbani, na kila nilipopiga kelele mume wangu alisema, "Unaona sasa? Ndiyo hiyo wamesema." Mtu aliyeitwa wazimu hana ruhusa ya kukasirika. Hasira yake nayo inahesabiwa kuwa dalili.

Mwishowe nilimwambia kwa sauti ya chini, na nadhani hiyo ndiyo ilimwogopesha. Nikasema nataka daktari mwingine, Bungoma, na mama yako awe ndani. Akakubali. Tulipokuwa tunangoja kwenye benchi akaninong'oneza, "Wakiuliza mambo ya sauti, wewe sema hapana tu, bana. Utapewa mtoto twende."

Mama mkwe alifika na mtoto. Nilinyoosha mikono. Mtoto alikuwa anavuta chupa, hata hakunigeukia.

Daktari huyu alikuwa mwanamke, mtu mzima, na aliuliza swali lile lile. Mume wangu akanikanyaga mguu. Nilijua nikisema ndiyo tena, huenda mtoto abaki kule kule. Lakini sikutaka kudanganya kwa sababu ya mtu mwingine kunyamaza.

"Nilisikia," nikasema. "Na huyu mama alimwota huyo huyo. Muulize."

Mama mkwe akajikaza. "Mimi ni mtu wa kanisa, daktari."

"Watu wa kanisa hawaoti?" daktari akauliza. "Mtoto alipolia, mliita majina?"

"Si ni kawaida."

"Nani aliita?"

Mama mkwe akafoka, "Ni mimi! Na nilimwota, na jembe alikuwa nalo! Sasa mimi pia ni mgonjwa? Basi niandikie dawa na mimi, tumeze wote!"

Mume wangu akacheka, akaona sura yangu, akaacha.

Daktari hakucheka. Alisema kwamba jambo ambalo nyumba nzima inaliona la kawaida hawezi kuliita ugonjwa wa mtu mmoja, ila sauti ikirudi nimwambie. Kisha akawaomba watoke.

Tulipobaki wawili akauliza usingizi, chakula, kama kuna kitu chochote bado kinanifurahisha. Nilijibu. Halafu akaniuliza polepole, "Umewahi kufikiri afadhali usiwepo?"

Nje ya mlango mtoto akaanza kulia. Maziwa yakashuka yenyewe. Jibu nililokuwa nalo ndilo lingeweza kuninyang'anya mtoto kabisa, na lilikuwa kweli.

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku."

"Na mtoto, umefikiri kumdhuru?"

"Hapana. Nilifikiri atakuwa salama bila mimi."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Aliningoja. Akasema ni ugonjwa wa huzuni unaowapata wanawake wengine baada ya kujifungua, una matibabu, na si uvivu wala wazimu. Akabadilisha dawa, akasema kila wiki nionwe. Mtoto nirudi naye. Lakini nisiachwe peke yangu hata kidogo mpaka aseme yeye, na kwa vile mume yuko kwenye trekta, wa kukaa na mimi ni mama mkwe.

Basi tuko naye Kitale, chumba kimoja, pazia katikati. Anapika, anafua, ananiangalia nikimeza dawa. Siku za kwanza mtoto alikataa titi, akapiga mateke, tukavumilia. Jana alinyonya mpaka akalala. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Ungeniuliza pale hospitali ya kwanza," akasema, "ningesema."

"Nilikuangalia, Mama."

Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Niliogopa watanifungia na mimi."

Bado nina hasira naye, na hiyo hasira si dalili ya kitu. Nilimpa mtoto ambeulishe, nikajifunika, nikalala.