Mchawi wa Redioni

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio, na kilichomfanya awe mchawi ni woga wa wanaume. Nasema hivyo kwa sababu najua, na hasira yangu mpaka leo haijapoa.

Katika hadithi tulizosimuliwa na bibi, mchawi alikuwa mwanamume, tajiri mchoyo aliyekwenda kwa miguu kama mtu yeyote na hakucheka kamwe. Redio ilipotaka hadithi hizo, wanaume wa kikundi, na vifua vyao vipana, walikataa katakata. Eti majina yao yangechafuka! Shangazi, wakati huo bado kijana, akasema, "Nipeni mimi, kazi ni kazi." Basi mchawi akageuka mwanamke. Sauti ya kisichana haikutisha, akazeeshwa. Hakukuwa na mwigizaji wa kuwa mumewe, akaishi peke yake. Hatua za miguu hazikusikika vizuri redioni, akarushwa kwa ungo; shangazi akatia maharagwe makavu kwenye ungo, akautikisa mbele ya kipaza sauti: chakacha, chakacha. Kicheko alikitunga mwenyewe, cha kuvutia pumzi ndani. Watu walimpenda, na mchezo ukarushwa miaka nenda miaka rudi.

Sasa alikuwa mzee kweli, anaishi peke yake kweli, kwenye chumba cha kupanga kinachotazamana na karo ya kufulia. Watoto wa uani alishinda nao akiwachana nywele, na kipenzi chake alikuwa binti mdogo wa mwanamke fundi cherehani wa chumba cha pili. Binti huyo alipopata homa na kuanza kuweweseka, wapangaji wakaitisha kikao. Hoja ilikuwa moja tu: shangazi ahame.

Nilikuwapo. Muuza mkaa alisimama, macho makavu: "Mimi nimemsikia kwa masikio yangu akipita juu ya bati. Chakacha, chakacha. Halafu akacheka kwa ndani."

Damu ilinichemka. Huo ulikuwa mchezo wa redio mtupu! Bibi yetu, na hadithi zake zote, hakuwahi kutaja ungo unaolia hivyo.

"Baba, hiyo uliyoisikia ni kazi yangu," shangazi akasema kwa upole. "Ngoja niwaonyeshe."

Akaingia ndani, akatoka na ungo wa maharagwe aliyokuwa akiyachambua, akautikisa. Aliamini, maskini, kwamba wakiona sauti inavyotengenezwa watacheka na yaishe.

Chakacha, chakacha.

Kina mama wakapiga mayowe. "Ndiyo yenyewe!" muuza mkaa akaruka juu. "Kakiri mbele yetu sote!"

Watu wazima, wenye akili zao, ambao ukiwapunja chenji wanakukaba shati! Niliwafokea mpaka sauti ikakauka. Mwenye nyumba akaniambia nisimletee fujo. Tulibeba godoro, sufuria na mabegi mawili ya nguo, tukaenda kwangu.

Mtoto alipona. Ilikuwa malaria, na dawa za hospitali zilimtoa. Siku chache baadaye nikamwona fundi cherehani mlangoni kwangu, amemshika binti yake mkono. Nilifurahi. Nilidhani angalau mmoja wao ameona haya.

Akapiga magoti mbele ya shangazi. "Mama, nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Kwa kumwachia."

"Mshukuru daktari," shangazi akasema.

"Daktari nimeshamshukuru, Mama. Lakini si yeye aliyekuwa amemshika."

Nilifungua mdomo nimtukane. Lakini mtoto alikuwa ameshachomoka, amemkumbatia shangazi miguuni, anamwomba amchane nywele. Mama yake hakuthubutu kumvuta. Alibaki pale chini, macho yamemganda mtoto. Shangazi alimtazama, kisha akaibandua ile mikono midogo, mmoja baada ya mwingine, akamrudisha mtoto kwa mama yake.