Fundi Aliyekuja Siku ya Sabato

Sikuwa nimelewa, wala sikuwa naota. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia hapa Migori huanza kwa kunichunguza macho. Jambo hili lilinipata mchana, mvua ikinyesha, mimi nikiwa nimeshika kipande cha bomba. Niamini au uache, ila usinikatize. Nimechoka kukatizwa.

Mimi nauza simu mjini. Ndugu yangu anafanya kazi bandarini Mombasa, na nilipomtembelea niliona kwa jirani yake tangi la kioo lenye maji ya bahari na samaki wadogo wa rangi ya chungwa. Nikarudi na wazimu huo nyumbani. Mke wangu, Mama Achi, ni mtu wa Sindo, huko ziwani, na kwao samaki ni kitu cha kukaanga.

"Samaki wa kuangalia tu?" aliniuliza. "Baba Achi, uko sawa?"

Tangi lenyewe halikunisumbua. Kilichonisumbua ni mabomba. Samaki wa baharini wanahitaji tangi la pili, chini kabatini, linaloitwa sampu. Maji yanashuka huko kwa bomba, yanachujwa, halafu pampu inayarudisha juu. Kusema ni rahisi. Ukifungua koki sana, bomba linakoroma usiku kucha. Ukiifunga kidogo, tangi la juu linafurika. Na stima yetu, si unajua inavyopotea? Pampu ikizimika, maji yote ya kwenye bomba la kurudi yanashuka, sampu inajaa, na kapeti la Mama Achi linaoga. Lilioga mpaka akaacha kunigombeza. Akawa ananiangalia tu, na afadhali angenigombeza.

Nikapewa namba ya fundi mmoja, Okoth, ambaye sikuwahi kumwona. Kila siku aliniambia yuko njiani. Siku hiyo ya Sabato Mama Achi alienda kanisani na mtoto, mimi nikabaki na mabomba. Mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta mwanamume mrefu, kanzu yake nyeupe, hana hata begi la vifaa.

"Umekuja hatimaye," nikamwambia, na sikusema kwa upole.

Sasa niulize, mbona sikushtuka? Mvua ilikuwa kubwa, na yeye alikuwa mkavu. Niliona, lakini mtu aliyesubiri fundi wiki nzima haulizi fundi amekaukaje. Nikafunga komeo, maana mvua ilikuwa inaingia ndani, nikamwonyesha kabati. Akatia mkono wote ndani ya tangi la juu. Samaki wangu, wanaojificha hata nikiwapelekea chakula, wakaja wakakaa kwenye kiganja chake. Alipoutoa mkono, mkono wa kanzu haukuwa na hata tone.

Akaniuliza kwa Kiswahili cha pwani, kile ambacho huku kwetu hakuna anayekizungumza: "Wataka maji yende kwa pampu, au yende kama kwao?"

Nikasema, "Kama kwao, kama wapi, mzee, wewe funga tu."

Ndivyo nilivyojibu. Naapa, laiti ningeuliza swali moja tu.

Hakutumia gundi wala msumeno. Alizungusha viungo vya bomba kwa vidole, taratibu. Kukoroma kukaisha. Nikaenda jikoni kumtengenezea chai, na huko stima ikapotea. Nikakimbia sebuleni nikijua kapeti limekwisha. Lakini maji yalikuwa yanapanda na kushuka bila pampu, kimya kabisa, na kabatini hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa pale pale nilipolifunga.

Jioni sampu ikafurika. Nikapiga deki. Baada ya muda maji yakashuka yenyewe, mpaka mawe ya tangi la juu yakaonekana na samaki wakajibana kwenye kona. Halafu yakajaa tena.

Kesho yake Okoth akafika, kijana mfupi mwenye begi la vifaa. Nikamuuliza jana alimtuma nani.

"Jana?" akasema. "Jana ilikuwa Sabato. Mimi sifanyi kazi Sabato, na sina mtu wa kumtuma."

Akainama kabatini, akaona mabomba yanatiririsha maji na waya wa pampu umechomolewa. Akachukua begi lake akaondoka bila kuaga.

Nikampigia ndugu yangu ili nimlalamikie. Nilikuwa nimesimama kwenye maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Akacheka, akasema hata huko Mombasa maji yamejaa. Nikampigia tena yalipopungua kwangu, akaniambia na huko yameanza kupwa. Bahari, unanielewa? Bahari iko upande wa pili wa nchi.

Nikaondoa kila kitu. Samaki nikampa mtu, mabomba nikakata, tangi nikalivunja kwa nyundo. Maji yakaendelea kuja sebuleni kwa saa zake, ya chumvi, yakiacha mstari mweupe ukutani. Mchungaji aliomba na viatu mkononi. Mama Achi akachukua mtoto akaenda kwao Sindo, akasema atarudi kwenye nyumba nyingine, si hiyo.

Tumehama. Amerudi. Ndani hataki chombo cha maji kinachozidi ndoo, na mimi sibishani. Mwezi uliopita mpangaji mpya wa ile nyumba alipata namba yangu. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu Jumapili maji yatashuka saa ngapi, kwa sababu ana wageni.

Kwa hiyo wewe unayesubiri fundi, umekasirika, na mlango umegongwa: usifungue kwanza. Mpigie simu yule uliyemwita. Akipokea akiwa mbali, na aliye mlangoni bado anagonga, kaa kimya mpaka aende kwa mwingine.