Njiwa wa Namba Mbili

Mbele yangu kwenye kaunta ya duka la mikate, mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alimsogezea mama mwokaji simu hadi puani. Pichani kulikuwa na mkate mtamu wa Pasaka wa Kiitaliano, umbo la njiwa, lozi mgongoni.

"Unga wake unaumuka usiku kucha," mama akasema kwa Kichina. "Ukiiva unaning'inizwa kichwa chini upoe, usije ukabonyea."

"Laoban, bosi wangu, nautaka leo. Nifanyie namba mbili, ile ya kuiga tu."

"Utakuwa mgumu."

"Nje ufanane na picha. Ndani nani atajua?" Akapangusa mikono kama aliyefunga mapatano ya bei kwenye maduka ya jumla ya Yide Lu.

Siku ya Pasaka, baada ya ibada, njiwa alipigwa picha na kila mtu. Kisha kisu kikagoma. Watoto wakatema.

Ndani nani atajua! Kwa swali hilohilo anajaza makontena ya viatu bandarini Nansha. Wanaojua ni ndugu zetu wa Kariakoo, soli zinapobanduka mvua ya kwanza. Njiwa huyu hakupanda meli. Nilikaa mbele ya mwenye mzigo, nikamwangalia akitafuna mpaka akameza.