Chakula Kikipokelewa

Mdogo wangu wa kiume alichukuliwa mchana, mbele ya duka analouzia viatu pale Kikuubo, soko la jumla la Kampala, watu wakitazama. Gari lilikuwa jeupe, halina namba. Walioshuka walivaa jinzi na raba kama vijana wengine wowote, ila mmoja alikuwa na bunduki. Walimwambia apande, akauliza kwa nini, wakampandisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa soko nikigawa chakula. Nilipofika nilikuta ndara yake moja, na wenye maduka wenzake wakijifanya wanapanga bidhaa.

Sitaandika kosa lake hapa kwa sababu silijui. Wapo waliosema aliwapiga picha askari walipokuwa wakimpiga mwendesha bodaboda wakati wa kampeni za uchaguzi. Wapo waliosema alifananishwa na mtu mwingine. Nimewauliza wenye sare na wasio na sare, na hadi leo hakuna aliyenipa jibu ambalo angeweza kulirudia kesho yake.

Tuko watatu, na mimi ndiye dada mkubwa. Wazazi wetu walitoka Kenya kutafuta kazi. Baba akawa fundi wa magari, mama akapika chakula cha kuuza, na wote wawili wakazikwa kabla mdogo wetu wa mwisho, msichana, hajaanza shule. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha, nikachukua sufuria za mama, na tangu hapo napika nyumbani Kisugu na kubeba chakula hadi madukani. Napeleka sahani mchana, baadaye napita tena kuzikusanya. Kwa sahani hizo wadogo zangu wamesoma kunizidi, na sijawahi kuwaza kazi nyingine.

Nyumbani tunasema Kiswahili. Majirani wameshakizoea lakini hawakipendi. Kwao ni lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani: simama, kaa chini, leta simu. Tulipokuwa wadogo, mama akituita kwa sauti tuje kula, watoto wa jirani walikuwa wanakimbia. Tulicheka sana siku hizo. Nilipoanza kuzunguka vituo vya polisi nilidhani lugha hiyo itanifaa, na kweli askari walichangamka wakinisikia, wakaniuliza habari za Kenya na bei ya unga huko. Kisha wakaniambia mtu wangu hayupo.

Mwanamke mmoja, jirani yetu, ambaye mumewe aliwahi kufungiwa, ndiye aliyenikumbusha jambo linalojulikana na kila mtu Kampala. Kuuliza jina kaunta ni kujichosha. Peleka chakula. Wakikirudisha, mtu hayupo. Wakikipokea, yupo, hata kama midomo yao inasema vingine, kwa sababu aliye mahabusu analishwa na nyumbani kwake.

Kwa hiyo nilipika wali na mchuzi wa karanga, anaoupenda, nikatia kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko. Vituo vya mwanzo walinirudishia bakuli langu bila kulifungua. Kwenye kituo kingine, ambacho sitakitaja, askari wa kaunta alisikiliza jina, akafunua kitabu, akasema mtu huyo hayumo. Nikalisukuma bakuli mbele yake. Akalitazama kidogo.

“Onja,” akaniambia.

Ndivyo wanavyofanya, usije ukampelekea mtu wako sumu. Nikaonja kijiko kimoja mbele yake.

“Weka hapo. Rudi jioni uchukue bakuli yako.”

Nilitoka nje nikakaa chini kando ya ukuta. Ndugu yangu alikuwa hai, alikuwa nyuma ya ukuta ule, na alikuwa anakula. Jioni nilirudishiwa bakuli likiwa na alama za vidole kwenye mchuzi uliobaki, nikaenda nalo nyumbani kama mtu aliyepokea barua.

Tangu hapo nilipeleka chakula kila siku. Askari walinizoea. Mmoja alikuwa ananiambia, “Mukenya, leo ongeza binzari,” na mimi nilicheka, tena nikaongeza. Walisema hayupo, walipokea chakula, na mimi sikuona ajabu yoyote katika mambo hayo mawili kusemwa na kufanywa na mtu mmoja. Ndivyo serikali yetu inavyozungumza nasi. Tumejifunza kusikiliza mikono yao kuliko maneno.

Sheria inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa arobaini na nane. Saa hizo zilipopita, zikapita tena na tena, nilitafuta wakili anayesaidia watu bila malipo. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mchangamfu, mwenye faili nyingi mezani. Aliniuliza nina uhakika gani kwamba yuko kituo hicho. Nikamwambia wanapokea chakula chake. Akasema basi hapo ndipo tutakapowabana, na akaandika ombi mahakamani kwamba mkuu wa kituo kile amlete.

Mahakamani wakili wa serikali alisoma kiapo cha mkuu wa kituo. Mtu huyo hakuwahi kuletwa pale, hakuwahi kulala pale, hajulikani pale. Nilisimama bila kuruhusiwa.

“Mheshimiwa, wanapokea chakula chake kila siku.”

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani. Wengine nao walikuwa na watu wao waliokuwa wakiwapelekea chakula vilevile. Jaji aliniambia nikae, kwa upole, ambao ulinikera kuliko kama angenikaripia. Alisema mahakama haiwezi kuamuru kituo kimtoe mtu ambaye hayumo, na bakuli si ushahidi. Tukarudishwa tukatafute kwanza alipo. Fikiria hilo: wao ndio waliomficha, na mimi ndiye niliyeagizwa nikamtafute, ndipo niruhusiwe kuuliza kwa nini wamemficha.

Kesho yake nilikwenda Kikuubo kama kawaida. Nilikuwa nakusanya sahani. Mwuza blanketi mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alinipa yake ikiwa na mfupa katikati. “Nimekubakizia, Mukenya, usiseme mimi ni mchoyo.” Nilipanga sahani ile juu ya nyingine, zote zikiwa na mchuzi uliokauka, na mkono wangu ukasita. Hakuna mteja anayeosha sahani. Katika miaka yote ya kazi hii hakuna hata mmoja. Na mtu aliyefungiwa, asiye na sabuni wala bomba, angeosha na nini?

Bakuli la kituoni lilikuwa linarudi safi. Siku ya kwanza tu lilirudi na alama za vidole vya ndugu yangu. Siku zote zilizofuata lilirudi limesuguliwa, linanukia sabuni, mfuniko umekaushwa. Mimi mwenyewe nililiona na nilifurahi, nikajisemea angalau wamemweka mahali pasafi.

Nilikwenda kituoni mkono mtupu. Kaunta alikuwepo askari mwanamke peke yake, yule aliyekuwa akinirudishia bakuli siku nyingi. Nilimwuliza ni nani anayeosha chombo changu.

Alitazama mlangoni kwanza. “Mimi. Mama yangu alinifundisha, bakuli ya mutu hairudi chafu.”

“Na chakula?”

“Nyabo,” akaniita kwa heshima, “tungefanya nini? Kingeharibika tu, tukakila. Tulifikiri unajua.”

Nilimwambia nilikuwa sijui. Nilimwambia nimesimama mbele ya jaji na kuchekwa kwa sababu ya adabu aliyofundishwa na mama yake. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa juu ya kitabu chake akasema polepole kwamba kijana alilala pale usiku mmoja, chakula cha kwanza alikula yeye mwenyewe, tena alikimaliza karibu chote. Jioni ileile walikuja wale wa gari jeupe wakamchukua, na mkuu akaambiwa asiandike kitu.

“Njoo uyaseme hayo mahakamani,” nikamwambia.

“Na mimi nani ataniletea chakula?” akaniuliza.

Nilitoka nikaenda kwa wakili.

Wakili aliandika ombi jipya, safari hii akiwataja wakuu wote aliowafikiria, wa jeshi na wa polisi, wajibu kila mmoja. Tulipewa siku ya kusikilizwa. Siku chache kabla ya hapo ndugu yangu alishushwa kando ya barabara huko Ntinda, asubuhi, watu wakienda makazini. Hakuwa na simu, hakuwa na karatasi yoyote, kucha mbili za mguu zilikuwa zimeng'oka. Mwendesha boda alimleta hadi Kisugu. Mdogo wetu wa kike alipiga kelele nikadhani ni msiba.

Mahakamani wakili wa serikali alitabasamu na kusema kwamba mwombaji amempata mtu wake, hivyo hakuna cha kusikiliza. Faili likafungwa. Hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi, wala nani alimweka, wala kwa kosa gani. Wakili wangu alinivuta nje akaniambia bado kuna njia: ndugu yangu mwenyewe akishtaki na kueleza aliyoyaona, hawatakuwa na pa kukimbilia.

Nilimweleza ndugu yangu wakati tunakula. Alikuwa amekaa kitako akiutazama mlango, kama anavyokaa siku hizi.

“Dada, acha,” akasema.

Nikamwambia sijazunguka mji mzima nikibeba mabakuli ili niache. Nikamwambia mengi, na sauti ilipanda. Alinisubiri nimalize. Kisha akanieleza kwamba siku ya kumtoa walimtajia jina la mdogo wetu, shule anayosoma, na mlango anaoutumia akitoka. Walimwambia akifungua mdomo, safari hii watamwacha yeye apumzike na kumchukua huyo msichana.

Wakili ananipigia simu mara kwa mara. Namwambia asubiri. Sijasema ndiyo na sijasema hapana, na karatasi zimo mezani kwake. Kila asubuhi namsindikiza mdogo wetu hadi lango la shule, msichana mkubwa, wenzake wanamcheka, ananiomba nibaki ng'ambo ya barabara. Nabaki ng'ambo. Jioni narudi nyumbani namkuta kaka yake kwenye kiti kilekile, na hasira inanipanda, namkasirikia yeye, aliyekaa kimya ili sisi tulale. Hilo ndilo nisilowasamehe wale waliomchukua. Nilimtafuta kwa nguvu zangu zote, nikampata, na sasa siwezi kukaa naye chumba kimoja bila kutaka kumtikisa mabega aseme.